Sijafa, Nimepumzika Tu

Sauti ambayo haijanitoka akilini ilitoka ndani ya mkono wangu mwenyewe, ule wa kushoto. Nilikuwa nimelala ubavu, mkono juu ya mto karibu na sikio, bandeji ya upasuaji imetolewa mchana ule. Vuuu, vuuu, vuuu. Nilifikiri ni zile nyaya kubwa za umeme zinazotoka bwawa la Nzilo, maana zinapita juu ya kata yetu, na mvua ikikatika huwa zinavuma hivyohivyo. Nikasogeza mkono mbali, nyaya zikanyamaza. Nikaurudisha, zikavuma tena.

"Yaya! Yaya Banze! Balinitia umeme mu mukono!"

Kaka yangu mkubwa akaja na tochi yake ya kichwani, ileile anayoshuka nayo kwenye mashimo ya madini kule Mutoshi. Akainamisha sikio kwenye mkono wangu, akasikiliza kwa makini, uso kama wa daktari.

"Ni kweli," akasema. "Muzuri. Kesho tutachomeka frigo."

Nikacheka na machozi yananitoka. Kesho yake mganga wa hospitali alinieleza kwamba wameunganisha mishipa yangu miwili ili damu ipite kwa nguvu na sindano za mashini zipate njia, na kwamba mlio ule ni damu yangu inayokimbia. "Siku usipousikia, ukuje mbio," akasema. "Ukiusikia, ufurahi." Mimi sikufurahi. Mtu gani analala na mkono unaovuma?

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzijuzi kwamba figo zako zimechoka na kwamba utaanza mashini ya kusafisha damu. Mambo ya figo uwaulize waganga. Mimi shule niliiachia njiani, na hata ningeimaliza nisingekueleza vizuri kuliko wao. Nitakusimulia habari za usingizi, kwa sababu mimi hakuna aliyenisimulia, na karibu ziniue kabla ya figo.

Jina langu Solange. Nyumbani ni Manika, hapa Kolwezi, katika uwanja wa tantine Ngoie, mdogo wa marehemu mama yangu, ambaye ametulea mimi na yaya Banze. Tantine anauza unga na samaki wakavu sokoni. Mimi ninasuka nywele chini ya paa dogo la bati mbele ya nyumba, na kila nikisuka ninaona mbele yangu saluni: kioo kinachofika hadi dari, na kiti kile unachokikanyaga kwa mguu kinapanda juu na mteja wake. Jina la saluni ninalo tayari. Sitaliandika hapa, wataniibia.

Ugonjwa ulinikuta mwishoni mwa mvua. Miguu ilivimba hadi nikawa ninavaa kandambili za yaya. Uso ukajaa asubuhi, mdomo ukawa na ladha ya msumari. Kufika kiangazi, vumbi jekundu la malori likiwa limeshakaa juu ya kila jani, mimi nilikuwa tayari mtu wa mashini: siku moja mashini, siku moja nyumbani, kisha mashini tena.

Nikuelezee chumba cha kungojea, usikiogope. Kuna benchi la ukuta hadi ukuta, harufu ya dawa ya kusafishia, na televisheni isiyo na sauti. Kila mgonjwa anakuja na bulangeti lake, kwa sababu damu ikitoka nje na kurudi, mwili unapata baridi. Utawajua watu kwa mabulangeti kabla ya majina. Halafu kuna mizani. Pale hakuna siri. Maji yote uliyokunywa kwa kuiba yanajitaja yenyewe.

Muuguzi wetu, mama Clarisse, alikuwa anatazama mizani, halafu ananitazama mimi.

"Solange. Ulikunywa muto Lualaba yote, ao uliacha kidogo juu ya barrage ya Nzilo?"

"Niliacha kidogo, mama."

"Aksanti kwa niaba ya batu ba umeme."

Sindano zinauma, lakini zinauma zikapita. Kiu inasumbua, lakini unajifunza kumumunya kipande cha barafu. Bukari, ule ugali wetu, bila samaki wa chumvi, na sombe, mboga ya majani ya muhogo niliyoipenda kuliko nyama, ikawa kitu cha kuonja kwa ncha ya kidole: hata hayo yanazoeleka. Ambalo halikuzoeleka ni usingizi. Nikilala tu, miguu inaanza kutembea yenyewe. Ngozi inawasha. Mkono unavuma. Na kichwa, ee, kichwa ndicho kibaya zaidi. Kinaniuliza nani atamuoa mtu wa mashini. Kinaniuliza umeme wa hospitali ukikatika itakuwaje. Kinaniuliza saluni ya nani. Asubuhi ninaamka nimechoka kuliko nilivyolala, nina hasira na kila kitu, hata na jogoo. Mteja mmoja nilimsuka mistari imepinda mpaka akaomba nimfumue. Nikamfumua huku ninalia juu ya kichwa chake, na yule mama wa watu akawa ananipigapiga goti: "Pole, mutoto, ni manywele tu, itaota."

Tantine aliniletea dawa anayoijua yeye, yaani watu. Mama wa kikundi chake cha sala walikuwa wanakuja jioni, wanazunguka kitanda changu na kuomba kwa sauti zote Mungu alizowapa. Niliwapenda, na bado ninawapenda. Lakini walipomaliza, moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa mtu aliyetoka kwenye ngoma.

Siku moja kwenye mashini, katika baridi ile ya mwezi wa sita, mama Clarisse alinikuta ninatetemeka midomo. Sikuwa ninasikia baridi. Nilikuwa ninajizuia kulia. Akavuta kiti chake cha magurudumu akakaa kati yangu na tata Kalenga, mzee wa kiti cha jirani, aliyekuwa zamani mtu wa reli.

"Mashini iko inafanya kazi yake," akasema. "Weye uko unafanya nini?"

"Mi nawaza."

"Basi leo tutafanya kitu ingine. Funga macho. Kama hautaki kufunga, tazama fasi moja tu. Sasa utume akili yako mpaka ku bidole bya miguu. Usibiulize kitu, usibikaripie. Bisalimie tu. Bidole, jambo yenu."

Nilifungua jicho moja kumtazama kama anatania. Hakuwa anatania. Alijifunza mambo haya alikosomea kazi yake, na sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa kama ya mtu anayebembeleza mtoto huku anakoroga chungu.

"Magoti, jambo yenu."

"Yangu haiitikie, mama," akasema tata Kalenga, macho yamefungwa. "Ilikasirika tangu zamani."

"Isalimie tu, tata. Hata kama haiitikie."

Tukaendelea hivyo hadi mabegani, hadi taya, hadi kope. Akatufundisha kuvuta pumzi bila kuilazimisha na kuitoa polepole kuliko ilivyoingia. Kichwa changu, kama kawaida yake, kikaanza: saluni ya nani? Nikamwambia mama Clarisse kwamba mawazo yamekuja.

"Yataendelea kukuya," akasema. "Weye ukiwa unasimama ku barabara, zile pikipiki za taksi-moto hazikupigie honi?"

"Zinanipigia."

"Kila moja unapanda?"

"Hapana."

"Basi na mawazo ni vile. Inapiga honi, inapita. Hapana kukimbizana nayo, hapana kupanda. Weye rudia ku pumzi yako."

Sitakudanganya kwamba nililala siku ile. Lakini saa za mashini zilipita bila mimi kupigana nazo hata mara moja, na nilipofika nyumbani sikumfokea mtu. Siku iliyofuata tukarudia, na iliyofuata tena. Ikawa jambo letu la chumba kizima. Siku ninayoikumbuka ni ile niliyofungua macho nikakuta mate shavuni na mashini imeshazimwa.

"Dada," tata Kalenga akaniambia, "ulikoroma mpaka mashini ikaogopa."

Hayo yalinipa hamu ya kufanya nyumbani. Chumba changu kilikuwa na kikomeo cha chuma ndani ya mlango. Nikawa ninakisukuma, ninalala chali, ninaanza na vidole. Na kwa kuwa mkono ulikuwa unavuma vilevile, mama Clarisse alinishauri niufanye mahali pa kurudishia akili, badala ya pumzi. Niuweke tu juu ya mto karibu na sikio, nisiulalie wala kuubana. Ndivyo mlio ule niliouogopa ulivyogeuka. Vuuu, vuuu. Damu yangu inakimbia, nami nimelala. Tukagawana kazi.

Sitasema nililala usiku kucha kama mtoto. Miguu iliendelea kutembea, na mganga akanipa vidonge vyake kwa ajili ya hiyo. Lakini nikawa ninapata usingizi wa kutosha kumsuka mtu mistari iliyonyooka. Nikarudi kuwaza kioo changu.

Halafu ikaja mvua ya kwanza, na pamoja nayo siku ya aibu yangu.

Nilikuwa nimetoka mashini. Mvua ilinyesha ikakatika, jua likatoka kali, bati la chumbani likawa kama kikaango. Tantine alikuwa sokoni, yaya Mutoshi. Nikatandika mkeka sebuleni penye hewa, nikajifunika shuka nyeupe hadi kifuani kwa ajili ya ile baridi ya mashini, nikanyoosha miguu, mikono kando, viganja juu. Mlango wa mbele nikauacha wazi. Vidole, jambo yenu.

Jirani yetu, mama Julie, akaja kutuletea viazi vitamu. Nilimsikia. Na hapa ndipo penye kosa langu: nilimsikia kabisa.

"Hodi! Solange?"

Nikajiambia: taksi-moto hiyo, inapiga honi. Acha ipite.

"Solange! Solange, mutoto!"

Honi nyingine. Inapita. Nilikuwa nimefika mabegani, na sijawahi kufika mabegani kwa utamu ule. Nikasikia viazi vinaanguka sakafuni, kimoja kikabingirika hadi kwenye mguu wangu. Nikakisalimia.

Kilichofuata kilikuwa ni mlio ambao kwetu hauhitaji maelezo. Mama Julie alikimbilia uani mikono kichwani, na kilio chake kikaruka ukuta, kikapokelewa na nyumba ya pili, kikapokelewa na ya tatu. Mtu akifa kata yetu watu hawangoji kualikwa. Wanawake wanaingia na kukaa chini. Wanaume wanatoa viti na meza ili sebule iwe na nafasi, vijana wanakwenda kutafuta gogo la moto wa matanga. Yote hayo yalianza. Mimi nilikuwa katika ile hali ambayo sauti zote ni za mbali, kama redio ya jirani, na ninakiri kwamba nilifikiri: leo kuna honi nyingi sana.

Nilifungua macho mama mmoja mnene aliponiangukia miguuni.

"Mama," nikasema, "unanilalia miguu."

Sijawahi kuona sebule ikiwa tupu haraka namna ile. Walikimbia na wale waliokuwa wamebeba meza, meza ikabaki imekwama mlangoni, na mama Julie, aliyekuwa amerudi na waliao, akabaki ndani kwa sababu meza imemzibia njia.

"Solange," akasema, mgongo ukutani, "uko weye ao uko nani?"

"Ni mimi, mama. Sijafa. Nimepumzika tu."

"Umepumzika! Nani alikufundisha kupumzika vile?"

Wakaanza kurudi mmojammoja. Mmoja akacheka, wakacheka wote, kicheko cha watu waliopona. Vijana wakafika na gogo, wakauliza waliweke wapi, watu wakacheka tena. Mimi pia nilicheka, hadi nilipomuona tantine.

Habari ilikuwa imemkuta sokoni. Alikuja na kiatu kimoja, kingine amekiacha njiani, kitambaa cha kichwani kimefunguka. Hakucheka. Hakunigombeza. Alinishika uso kwa mikono yake yenye harufu ya samaki, akakaa chini palepale katikati ya viazi, akatazama mbele yake.

Jioni ile alichukua kisu akafungua skrubu, akakitoa kikomeo cha mlango wangu.

"Tantine, juu ya nini? Sikuwa mu chumba."

"Ungekuwa mu chumba tungevunja mulango," akasema. "Hautafunga tena."

Na akahamishia godoro lake chumbani kwangu.

Tangu hapo kila nilipotulia, ananitikisa. "Solange, uko?" "Niko, tantine." Ninaanza tena na vidole, ninafika magotini. "Solange, uko?" "Niko." Yaya naye akaingia katika mchezo, akipita nje anagonga dirisha: "Marehemu, uko?" Mchana, usiku, hata nikikaa tu kimya nikimsuka mtu. Nilimwambia tantine kwamba kutulia kule ndiko kunakonisaidia. Akajibu kwamba kutulia ni kazi ya maiti.

Usingizi ukakimbia wote. Ukarudi ule uchovu wa zamani na ukaja na ndugu zake: hasira, kilio cha bure, kutotaka kula. Usicheze na jambo hili, wewe unayenisoma. Mtu asiyelala anafikiri mambo ambayo aliyelala hawezi kuyafikiri. Asubuhi moja ya mashini, mvua inanyesha, yaya amenisubiri na pikipiki yake, nikasema siendi.

"Hauendi leo?"

"Siendi tena. Kama kutulia ni kazi ya maiti, basi niache nikafanye kazi yangu."

Nilisema hivyo mimi, mwenye kioo hadi dari. Yaya alizima pikipiki, akajaribu utani, utani ukamfia mdomoni. Tantine alipiga magoti sakafuni akaniomba. Nikageukia ukuta.

Kesho yake maji yalikuwa yamepanda kifuani. Kuvuta pumzi ilikuwa kama kunyonya bukari kwa mrija. Yaya hakuniuliza tena. Alinibeba, akanifunga kwake kwa kitenge cha tantine kama mtoto wa mgongoni, akaendesha pikipiki kati ya malori, akinisemesha juu ya bega.

"Solange, unisikie. Mu shimo, hewa ikiwa kidogo, tunafanya namna gani? Hatupigane nayo. Tunavuta kidogo, tunatoa polepole. Ule anapiga makelele anatumaliza siye wote. Vuta kidogo. Eeh. Toa polepole. Vile vile."

Nikavuta kidogo, nikatoa polepole, shavu kwenye koti lake lenye vumbi la kijani la malachite, lile jiwe la shaba, hadi mlango wa hospitali.

Mama Clarisse hakunikaripia. Aliniweka kwenye mashini, akanirekebishia bulangeti, na pumzi zangu ziliposhuka akatoka nje. Akarudi amemshika tantine mkono. Tantine alikuwa hajawahi kuingia ndani. Kila mara alibaki kwenye benchi, akisema kwamba damu ya mtoto si kitu cha kutazama.

"Kaa hapa, mama," Clarisse akamwambia. "Unamuamushaka juu ya nini?"

"Nijue kama iko muzima."

"Vizuri. Lete vidole."

Akavichukua vidole viwili vya tantine, vile vigumu vya kushika mizani ya sokoni, akaviweka kwenye mkono wangu juu ya sehemu ya sindano, pale ngozi inapotetemeka. Tantine akavivuta kama ameungua. Akavirudisha. Akabaki hivyo, kichwa kimeinama upande.

"Inaimba," akasema.

"Inaimba mchana, inaimba usiku," Clarisse akasema. "Akiwa muzima, itaimba. Uguse tu. Hapana kumutikisa."

Tantine hakuondoa vidole. Na hapo, mbele ya tata Kalenga na mabulangeti yote, alisema jambo ambalo tangu utoto wangu hajawahi kulisema.

"Mama yako alilala vile. Mikono kando, ametulia. Batu balikuwa banaongea ku sebule, mi nikabaambia, mumuache apumzike. Nikafunga mulango polepole. Mimi mwenyewe nilifunga. Nilibaki nje, nilikuwa nachagua maharagi."

Mkono wenye sindano hausogezwi, basi nikatumia ule mwingine, nikaufikisha hadi kwake kupitia juu ya tumbo langu. Tata Kalenga alikuwa amefumba macho, lakini alikuwa hakoromi.

Baada ya muda mama Clarisse akajikohoza. "Basi leo tuko na mugeni. Tusalimie bidole."

"Hata mimi?" tantine akauliza.

"Hata weye. Toa kiatu."

Unajua kilichotokea? Hatukufika kiunoni. Tantine Ngoie, mwanamke aliyekuwa hajalala vizuri tangu mvua ya kwanza, au labda tangu mama yangu, alilala akiwa ameketi, vidole viwili vikiwa bado juu ya mkono wangu. Alikoroma hadi mgonjwa wa mwisho wa mstari akauliza ni mashini ipi imeharibika.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa na utaratibu mpya. Mama wa kikundi cha sala wanakuja bado, lakini wanaombea sebuleni, na wakifika kwenye amina ya mwisho tantine anawaambia: "Sasa tunyamaze. Mutoto iko anasalimia magoti." Wengine wanafumba macho na wao. Mama Julie anasema kifundo chake cha mguu kimepunguza kumsumbua, ingawa kila akiingia kwetu anasimama kwanza mlangoni kunitazama kifua. Yaya ameacha kuniita marehemu, sasa ananiita frigo.

Tantine alirudisha godoro lake chumbani kwake. Usiku anakuja, ninamsikia miguu mitupu sakafuni. Vidole viwili vinatua kwenye mkono wangu, vinasikiliza, vinaondoka. Wakati fulani ninajua, wakati mwingine sijui kabisa, na asubuhi ninamuuliza, "Ulikuja?" Anasema, "Nilikuja. Ulikuwa unaimba."

Figo hazijarudi. Usije ukafikiri kusalimia vidole kunasafisha damu. Damu inasafishwa na mashini, na usiiache mashini hata siku moja. Mimi nilijaribu, na nimekueleza kilichotokea. Kuna siku bado ninakaa macho, taksi-moto zote za Kolwezi zinanipigia honi, na moja au mbili ninapanda. Nikishtuka nimefika mbali, ninashuka, ninarudi kwa miguu. Lakini usingizi ulirudi, na ulipofika haukuja peke yake. Ulikuja na hamu ya kula, na utani, na uvumilivu wa kuketi na kichwa cha mtu hadi mstari wa mwisho. Nimeshanunua kioo. Ni kidogo, kinafika kidevuni tu. Wateja wanainama.

Jumapili iliyopita, mvua zikiwa zinaelekea kuisha, yaya alikuwa Mutoshi, na tantine akavaa kitambaa chake cha misa. Nilifikiri atamwita mama Julie aje kukaa nami, kama kila Jumapili. Alisimama mlangoni, akajipangapanga mikono ya blauzi.

"Naenda," akasema.

"Wende muzuri, tantine."

"Bukari iko mu sahani, nimefunika."

"Nimeona."

Akaenda. Nikasikia lango la uwanja. Hakuna aliyekuja baada yake.

Nilipoingia chumbani kupumzika nilikuta juu ya mto wangu kipande cha kitenge kimefungwa fundo, lile fundo la wanawake wa sokoni la kuhifadhia chenji. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na kikomeo, na skrubu zake zote.

Nikachukua kisu jikoni. Matundu ya zamani kwenye mlango yalikuwa yamepanuka, skrubu zikawa zinacheza ndani. Nikavunja vijiti vya kiberiti nikavijaza humo, nikaanza upya kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto nikiuacha upumzike. Ilichukua muda. Jasho lilinitoka, nikakaa chini, nikaendelea.

Kilipokaa sawa, nikamfikiria tantine akirudi na viatu vyake vya misa, akiweka kiganja kwenye mlango. Nikataka niuache wazi kidogo, kwa ajili yake. Lakini ni yeye aliyelifunga lile fundo, na ni yeye aliyeliweka juu ya mto.

Nikakisukuma kikomeo hadi mwisho. Ka! Nikaenda kulala.